Uzi wa kujadili uzi: rangi ndiyo timu, nembo ni saini tu

FundiSindano (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu ukikaribia kuanza kelele ni zilezile. Nembo mpya mbaya, jezi kama nguo ya kulalia, wametuharibia timu. Mimi nimeshona, nimechapa na kudarizi jezi za timu ndogondogo kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni huu hapa, upigeni mawe mnavyotaka: tunagombania nembo kupita kiasi, ilhali kinachoibeba timu ni rangi. Rangi ndiyo barua yenyewe. Nembo ni saini chini ya barua.

Chukueni Cardiff City. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan, aliwavua bluu akawavika nyekundu. Joka likatawala nembo, na yule ndege wa bluu aliyewapa jina la utani akasukumwa chini kabisa, kadogo, kama amekaa pale kwa bahati mbaya. Msimu huohuo wa kwanza wa nyekundu wakatwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu. Ungedhani watu wangesema basi, nyekundu ina kismati, tuiache. Wapi! Waliendelea kuja uwanjani na bluu yao, hadi Januari 2015 mmiliki akasalimu amri na bluu ikarudi. Kombe halikutosha kuwanunua.

Halafu Brazil. Fainali zile za Kombe la Dunia 1950 walicheza na nyeupe, Uruguay akawafunga 2-1 nyumbani kwao Maracanã, na nyeupe ikaanza kunuka mkosi. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã likaendesha shindano la jezi mpya, sharti likiwa rangi zote nne za bendera zitumike. Alishinda kijana wa miaka 19, Aldyr Garcia Schlee, aliyetoka mpakani kabisa na Uruguay, na utamu wa kisa ni kwamba moyo wake ulikuwa upande wa Uruguay. Leo ziba nembo ya shirikisho la Brazil kwa kidole gumba. Nani atashindwa kujua ile ni jezi ya nani? Na nani kati yetu anaweza kuichora nembo ile bila kuchungulia? Mimi siwezi, na hii ndiyo kazi yangu.

Karibuni.

KolaV

Mkuu, mada nzuri ila nakupinga mchana kweupe.

Leeds United, Januari 2018. Nyeupe haikuguswa. Njano na bluu hazikuguswa. Kilichobadilishwa ni nembo peke yake: wakamweka mtu asiye na sura, kapiga ngumi kifuani kama mashabiki wao wanavyosalimia. Klabu ikajigamba kwamba imeshauriana na watu 10,000. Siku ileile waraka wa kuipinga ukawa na sahihi nyingi kuliko hao waliohojiwa, na klabu ikarudi mezani. Nembo ile haikuwahi kuvaliwa uwanjani hata dakika moja.

Atlético Madrid nao. Walibadili nembo 2017, mistari nyekundu na nyeupe ikabaki palepale. Mashabiki hawakusahau. Mwaka 2023 wanachama wakapiga kura, zaidi ya asilimia 88 wakataka ya zamani, na 2024 ikarudi. Saini gani hiyo inayopigiwa kura miaka sita baadaye?

MamaWinga

Ile ya Leeds jamani! Watu waliifananisha na tangazo la dawa ya kiungulia, na tangu niliposoma hivyo sijaweza kuiona vingine. Mtu kala vibaya, kashika kifua.

Ila KolaV, umejijibu mwenyewe bila kujua. Leeds walikataa kwa sababu ile ilikuwa picha ya mtu yeyote kutoka popote. Ungewapa kitu chenye ua la waridi na herufi zao wangenung'unika wiki mbili wakanyamaza.

FundiSindano

KolaV, hiyo ya Atlético umenipiga nayo ya mbavu, nakubali. Lakini tazama Juventus ndipo uone ninachosema.

Wale walianza na pinki. Mwaka 1903 jezi zimechakaa, wakamwomba mwenzao Mwingereza, John Savage, awatafutie nyingine huko kwao. Zikaja za Notts County, nyeusi na nyeupe, wakazivaa, na mpaka leo ndiyo ngozi yao. Januari 2017 wakatupa ngao yenye fahali ndani wakaweka hizo J mbili zilizolala pamoja. Dunia nzima ikacheka. Leo hii nani bado anacheka? Imezoeleka. Lakini msimu wa 2019/20 walipothubutu kuitoa mistari wakagawa jezi nusu nyeusi nusu nyeupe na kauzi ka pinki katikati, ilidumu msimu mmoja tu, mistari ikarudi. Nembo ilivumiliwa, kukosa mistari hakukuvumilika.

KolaV

Au walirudisha kwa sababu kila mwaka lazima wauze jezi mpya, na ya mwaka unaofuata ilikuwa zamu ya mistari. Usinifungie hesabu kwa mfano mmoja, Fundi.

FundiSindano

Haya, nimekuachia nusu pointi.

MezaYaMchoro

Wakuu, mimi huchora nembo kwa riziki, naomba niingie hapa katikati.

Mnaposema nembo za sasa zimekuwa kavu, mjue tunachoambiwa tukipewa kazi. Nembo ile ile lazima ikae kwenye kona ya skrini ya runinga, kwenye kaduara ka simu kasikozidi ukucha wa kidole kidogo, kwenye bendera ya mita kumi, na kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Ngao ya zamani yenye simba, taji, utepe na maneno ya Kilatini ikishuka hadi saizi ya ukucha inabaki doa. Kwa hiyo mteja anasema: punguza. Tunapunguza. Halafu anasema: punguza tena. Tukimaliza hapo kimebaki kitu ambacho kingeweza kuwa cha benki au kampuni ya bima, na lawama zote kwetu.

Lakini kupunguza si lazima kuue. Tazameni nembo ya Hartford Whalers ya mpira wa magongo wa barafuni, aliyoichora Peter Good mwaka 1979. Chini W ya kijani. Juu mkia wa nyangumi wa bluu. Katikati yao, pale ambapo hakuna wino wowote, ni herufi H nyeupe. Vitu vitatu kwa rangi mbili, na kile cha tatu hakikuchorwa kabisa, jicho lako ndilo linalokichora. Milwaukee Brewers wa besiboli wana yao inayofanana kwa akili: glavu imeshika mpira, lakini vidole ni m ndogo na kiganja na dole gumba ni b. Hiyo ilitoka kwa mwanafunzi, Tom Meindel, aliyeshinda shindano la 1977. Kuna watu wameivaa miaka kumi kofiani ndipo siku moja wakaziona hizo herufi wakapiga kelele peke yao.

Sasa Fundi, nikuulize. Hartford walihamia Carolina mwaka 1997. Jina likafa, timu ikabadili kila kitu, rangi mpaka mji. Bado kofia zenye mkia wa nyangumi zinanunuliwa na vijana waliozaliwa timu imeshakufa. Desemba 2018 timu ya Carolina yenyewe ikazivaa jezi zile za zamani kwa mechi moja. Kama nembo ni saini tu, mbona hapa barua imeungua na saini imebaki?

FundiSindano

Hapo umenikamata pabaya. Nitafakari.

MamaWinga

Mwenye uzi kanyamaza! Weka tarehe mtu.

KatibuWaTimu

Ndugu wana uzi, nimesoma kimyakimya ila nina shida ya kweli na nahisi nimefika mahali sahihi.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaani. Jezi zetu ni kijani kilichokolea, namba nyeusi, nembo ni chui anaruka juu ya mpira. Tunataka kutengeneza mpya na kamati imegawanyika. Vijana wanataka twende nyekundu, wanadai kitaalamu nyekundu inashinda. Wazee wanasema kijani haitoki. Chui wote wanamlalamikia ila hakuna anayethubutu kusema kwa sauti, maana mwenyekiti ndiye aliyemchora. Chui ana madoa 31, niliyahesabu kwenye kikao kirefu.

NambaSita

Katibu, hilo la nyekundu lina chanzo chake, vijana wako hawakuota. Watafiti wawili wa Uingereza, Hill na Barton, waliangalia Olimpiki ya 2004 kwenye ndondi, taekwondo na mieleka, ambako wachezaji hupewa nyekundu au bluu bila kuchagua. Wenye nyekundu walishinda karibu asilimia 55. Lakini ile ni michezo ya mtu kwa mtu, ana kwa ana, mwamuzi anahesabu mapigo. Usiwaambie vijana kwamba ukivaa nyekundu krosi zitafika.

Ukitaka kisa kitamu zaidi ni cha Bill Shankly, kocha wa Liverpool. Liverpool walikuwa na jezi nyekundu lakini bukta nyeupe. Mwaka 1964 akamvika beki wake Ron Yeats nyekundu chini mpaka juu amtazame, akaona jitu limeongezeka urefu. Wakaingia hivyo dhidi ya Anderlecht na hawakurudi nyuma tena. Sasa ni rangi ilimfanya Yeats aonekane mkubwa, au Yeats alikuwa jitu hata angevaa gunia?

MachoMawili

Mimi nina la kusema kuhusu nyekundu na kijani, na si la mapambo.

Nina upofu wa rangi. Takriban mwanaume mmoja kati ya 12 anao kwa kiwango fulani, kwa hiyo kwenye kikosi cha wachezaji 11 na kipa wa akiba, piga hesabu. Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia 2018, Urusi na nyekundu, Saudi Arabia na kijani. Wenzangu sebuleni wanashangilia mabao matano, mimi naona watu 20 waliovaa tope moja wakikimbizana. Nikajifunza kuwatambua kwa namna wanavyokimbia. Mpira wa Marekani nao walifanya hivyo Novemba 2015, Buffalo Bills nyekundu kuanzia jezi hadi soksi, New York Jets kijani hivyohivyo. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka ligi ikabidi izungumze.

Kinachonisaidia si jina la rangi, ni weupe na weusi wake. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea kwangu ni kitu kimoja. Nyekundu iliyokolea na kijani cha limau, sina tatizo. Kwa hiyo Katibu, kijani chako kilichokolea na namba nyeusi… ndugu yangu, hizo namba siwezi kuzisoma hata nikiwa nimekaa kwenye benchi lenu.

NambaSita

Na wasio na upofu wa rangi nao huponzwa. Aprili 1996, Manchester United ugenini kwa Southampton wamevaa ile jezi ya kijivu. Mapumziko wako nyuma 3-0. Wakatoka vyumbani wamevaa bluu na nyeupe, mechi ikaisha 3-1. Kocha wao, Ferguson, akasema wachezaji walishindwa kuonana, kijivu kilikuwa kinayeyuka kwenye umati wa watazamaji. Dunia ilicheka kisingizio hicho. Lakini ukicheza winga, ukainua kichwa nusu sekunde kutafuta mtu wa kumpa, unajua anachozungumza. Hiyo jezi hawakushinda nayo hata mechi moja.

FundiSindano

MachoMawili, asante sana, hilo nitakwenda nalo karakanani.

Katibu, sasa nikuhadithie la tai ili upate nguvu ya kumkabili mwenyekiti.

Kuna timu ililetwa kwangu ikiwa na nembo ya tai. Juu ya karatasi alikuwa tai wa heshima: manyoya yamechorwa moja moja, kucha zimeshika mpira, nyuma yake mlima na jua linachomoza, chini utepe wenye kaulimbiu ya maneno saba. Wanataka idariziwe kifuani, upana sentimita saba. Nikawaambia, wakuu, uzi una unene wake. Mashine haichori mstari mwembamba kuliko uzi wenyewe. Herufi zikishuka chini ya milimita tano hivi, tundu la a na e linaziba, neno linageuka mstari wa vifundo. Wakasema wewe fanya, kazi yetu kulipa.

Nikafanya. Manyoya yakashikana yakawa donge. Kitambaa cha jezi ni laini na kinavutika, mishono ilivyobanana ikakivuta kikajikunja kuzunguka nembo kama kovu. Mdomo wa tai ukapoteza ncha. Jua likakaa chini ya tumbo lake, jeupe, la mviringo. Kijana mmoja akaishika ile jezi, akaitazama muda mrefu, akauliza kwa upole: "Fundi, huyu kuku ametaga?"

Walicheza msimu mzima wakiitwa Kuku na wapinzani wao. Nembo yao niliidarizi mimi, na makosa ni yangu pia, ningekataa kazi.

MamaWinga

Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

MezaYaMchoro

Fundi, hapo ndipo mimi na wewe tunakutana. Kipimo changu ni mtoto na kipande cha mkaa. Mpe sekunde kumi aitazame nembo, iondoe, mwambie aichore ukutani. Kile atakachokikumbuka ndicho nembo. Vingine vyote ni heshima za kikao: mjumbe mmoja kataka mlima, mwingine kataka mwenge, hakuna aliyetaka kumkosea mwenzake.

KipaMstaafu

Mmesahau makipa kama kawaida.

Jorge Campos wa Mexico alijichorea jezi zake mwenyewe, rangi zote za dukani kwa pamoja, na Kombe la Dunia la 1994 ukimwona hutahitaji nembo wala jina. Fundi, huyo ni ushahidi wako. Rangi bila mpango wowote, na bado ni yeye tu.

Na kama mnazungumzia ubunifu, Kamerun mnawaruka vipi? Walikuja Kombe la Afrika 2002 na jezi zisizo na mikono, wakachukua kombe. FIFA ikazikataa kwa Kombe la Dunia, ikabidi zishonewe mikono myeusi. Mwaka 2004 wakaja na jezi iliyoungana na bukta, nguo moja. Safari hii FIFA ikawakata pointi 6 za kufuzu pamoja na faini, ingawa pointi baadaye zilirudishwa. Timu imeadhibiwa kwa sababu ya fundi cherehani! Hakuna nembo duniani iliyowahi kuleta balaa hilo.

KolaV

Tukiwa kwenye mipangilio, niseme neno kuhusu michoro ya kisasa ya kitambaa chote. Nyingi ni vurugu, zinaonekana kama kompyuta imepiga chafya. Lakini ile ya Ujerumani Magharibi aliyoichora Ina Franzmann, iliyovaliwa 1988 na tena 1990 wakabeba kombe, imenishinda kuitafutia kosa. Nyeupe imebaki nyeupe. Rangi tatu za bendera zinakatiza kifuani kama mtu kakunja utepe, na zinaishia hapo. Mgongo umeachwa kwa ajili ya namba. Nafasi tupu nyingi, ndiyo siri.

Mistari nayo ina shida yake na namba. Celtic, kwa ajili ya ile mistari yao ya kulala ya kijani na nyeupe, walikataa kuweka namba mgongoni miaka mingi, wakaziweka kwenye bukta, mpaka 1994 walipolazimishwa. Hebu fikiri, klabu inaogopa namba itauchafua mstari. Fundi, najua utaichukua hii uiweke upande wako.

FundiSindano

Nimeshaichukua.

Na kuhusu Hartford, MezaYaMchoro, nimetafakari na nitakujibu hivi: wale walionunua kofia hawakuwa wanaishangilia timu. Hakuna timu. Walinunua mchoro mzuri. Nembo ikiwa nzuri sana inaweza kuishi bila timu, hilo nakupa. Lakini timu inayocheza Jumamosi, ambayo bado inafungwa na kufunga, hiyo inahitaji kitu unachokiona ukiwa umekaa safu ya mwisho huku jua linakupiga machoni. Pale juu hakuna nembo. Kuna madoa yanayokimbia, na unataka kujua madoa yapi ni yako.

MezaYaMchoro

Nakubali nusu. Ile nusu nyingine nitaidai siku ukiniletea kazi.

MachoMawili

Katibu, kabla hamjapiga kura: tundikeni jezi ya mfano kwenye goli moja, kamati yote isimame goli la pili. Halafu pigeni picha kwa simu na muitoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Namba ikipotea kwenye picha hiyo, kwangu mimi imepotea siku zote.

KatibuWaTimu

Nimerudi, wakuu. Tumefanya jana jioni.

Tulitundika tatu: ya sasa, nyekundu ya vijana, na kijani yenye namba nyeupe niliyoikatia kwa karatasi usiku. Kutoka goli la pili, ya sasa haikuwa na namba kabisa. Mzee mmoja aliyeitetea miaka yote akauliza, "Ile ya katikati mbona haina kitu mgongoni?" Akaambiwa ndiyo yetu. Nyekundu ilionekana vizuri, lakini mtu akakumbusha kwamba timu mbili kwenye ligi yetu tayari ni nyekundu. Kijani imebaki, namba nyeupe, bukta nyeupe. Kura zilikuwa tisa kwa mbili.

FundiSindano

Safi sana. Na chui?

KatibuWaTimu

Chui yupo. Mwenyekiti alisimama akaeleza maana ya kila doa. Nikampa mwanawe mkaa, kama alivyosema ndugu wa mchoro. Mtoto akachora kichwa, mkia na madoa manne, akasema amemaliza. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, akasema basi yawe sita.

KolaV

Sita mengi. Matatu.